Njia ya Ng'ombe Kwenye Uwanja wa Bihambwe

Nimechoka kufundishwa sheria za mpira na watu wasiokimbia. Nianze na hilo, maana kila mechi yangu huishia hapo. Kipenga cha mwisho kikishalia, kabla hata sijafungua kamba za viatu, atanijia mtu mzima na mwavuli wake kunisomea sheria anayoijua, na anayoijua ni moja tu: beki wa mwisho akicheza rafu, kadi nyekundu. Hapa Masisi hata mama anayeuza ndizi kando ya uwanja anaijua hiyo. Kwa miaka yote niliyopuliza kipenga nimeeleza kwamba kitabu cha sheria hakimtaji beki wa mwisho popote. Kitabu kinauliza kitu kingine: huyu mshambuliaji, kama asingechezewa rafu, alikuwa na nafasi ya wazi ya kufunga, au hakuwa nayo?

Kulijibu swali hilo kuna mambo manne, na unayatazama yote kwa muda wa kupiga chafya. Goli liko karibu au mbali. Mchezo unaelekea golini au unaelekea pembeni. Mshambuliaji angeufikia mpira na kuutuliza, au ungemkimbia. Na mabeki wengine wako wapi, kuna ambaye angewahi kufika? Yote manne yakikubali, unatoa nyekundu. Moja likisitasita, hiyo nafasi si ya wazi tena, na hapo njano inatosha. Ndani ya boksi kuna nyongeza: beki akiwa ameutafuta mpira kwa kweli akakosea, penalti na njano vinamtosha, lakini akivuta jezi ni nyekundu vilevile. Nayajua haya kama katekisimu. Nimeyarudia mbele ya watu wenye hasira mpaka ulimi wangu ukafa ganzi, na sijawahi kuona hata mmoja aliyetulia mpaka jambo la nne.

Waliotunga sheria hizi nadhani walikuwa na viwanja vilivyonyooka. Vyetu vimelala kwenye miteremko. Kwenye uwanja wa Kibabi, kona ya chini, mpira unawekewa bua la mahindi usibingirike, na mimi natazama pembeni kama sijaona. Kwenye uwanja wa namna hiyo umbali hauna maana moja. Ukishambulia kwenda juu, goli lililo karibu ni mbali, na ukishambulia kwenda chini, hata katikati ya uwanja ni karibu. Kwa hiyo refa mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amlaze, alinipa desturi moja ambayo sijaiacha. Aliiita kuuliza uwanja. Kabla ya mechi, wachezaji wakiwa bado wanavaa nyuma ya kanisa, unakwenda peke yako katikati na mpira. Unausukuma taratibu upande mmoja, unautazama unakokwenda. Unausukuma upande wa pili. Mvua, kwato na majembe hubadilisha ardhi, na uwanja uliouchezesha msimu uliopita huenda si huu wa leo.

Uwanja wa Bihambwe nilikuwa naujua hata bila kuuuliza. Ni kipande cha malisho ambacho mwenye ng'ombe aliwaachia vijana zamani, kwa sharti kwamba ng'ombe wake wapite wanapotaka. Nao walipita. Kila asubuhi na kila jioni walishuka kutoka malishoni kwenda mtoni, wakikata uwanja mshazari upande wa kulia wa goli la chini, mpaka wakachimba njia yao, mfereji wa kufika kwenye kifundo cha mguu. Mpira wowote ulioshuka upande ule ulifika kwenye njia ya ng'ombe ukakunja, ukaenda zake kwenye shamba la mahindi. Wageni waliufukuza moja kwa moja na kujikuta wanafukuza hewa. Mabeki wa Bihambwe hawakuufukuza hata siku moja. Walikwenda kuungojea kwenye mahindi, wakitembea, na kila mara watu walicheka. Mtoto wa Bihambwe alijifunza hilo kabla ya kujifunza kusoma. Mimi nimezaliwa upande wa Kirolirwe, kwenye ng'ombe wengi kuliko watu, lakini sikuwahi kuona ng'ombe waliocheza mpira vizuri namna ile.

Kisha vita ikapita, ikarudi, ikapita tena. Tulikimbia kila mtu na njia yake. Niliporudi kulima maharage yangu na kupuliza kipenga changu, magoti yalikuwa yameanza kunidai mapumziko, na vijana niliowaacha wadogo walikuwa wana ndevu. Nusu ya timu hazikuwa na wachezaji wa kutosha. Tulicheza tu, maana kukaa na kusikiliza redio kunachosha zaidi.

Mechi ninayoikumbuka ilikuwa Bihambwe na Kibabi. Atakayeshinda angekwenda Walikale kucheza na timu ya kule. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda kupakia mafuta ya mawese alikubali kubeba watu kwenye lori lake tupu, lakini alisema wazi kwamba atamchukua refa na wachezaji watakaocheza, basi. Watu wengi walikuwa na ndugu zao Walikale, na angefungua mlango kidogo tu, lori lingejaa wajomba na mashangazi.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu wakati beki wa kulia wa Bihambwe aliponijia. Ni mkulima kama mimi, mwenye mabega mapana, asiyesema sana. Nilikuwa nimemchezesha tangu ujana wake na sikuwahi kumpa hata njano. Alichuchumaa mbele yangu. Refa huku huitwa arbitre.

"Papa arbitre, leo tukishinda, minaenda kuona mama watoto."

"Iko Walikale?"

"Tangu tulikimbia. Miye nilikuwa kwa shamba, nikakimbilia Goma. Yeye na watoto wakafuata bale ba kwenda Walikale. Ninamupigiaka simu kwa kilima kule juu. Ninamwambia arudie, hapa iko kama zamani. Lakini mama watoto, lazima anione kwa macho njo akubali."

Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe, hata kwa miguu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni. Mwanaume peke yake njiani, kwenye vizuizi vyote vile, kila mwenye bunduki atamuuliza anatoka kwa nani na anakwenda kwa nani. Timu ya mpira, na jezi zake na kelele zake, inapita.

"Basi cheza vizuri," nikamwambia.

Nikaenda kuuliza uwanja. Ilikuwa imenyesha asubuhi na nyasi zilikuwa zimelowa. Nikausukuma mpira upande wa kushoto, ukashuka kama siku zote. Nikausukuma upande wa kulia. Ukashuka, ukafika pale, na ukaendelea moja kwa moja mpaka kwenye goli.

Nikaufuata nikaangalia chini. Njia ya ng'ombe haikuwepo. Kwa kweli ilikuwepo, ukipapasa kwa mguu ungeisikia, lakini nyasi zilikuwa zimeizika, udongo umeshuka na mvua na kuijaza. Ng'ombe hawakuwa wamepita pale muda mrefu. Wengine walihamishwa kabla ya vita kufika, wengine waliibwa, wengine waliishia kwenye sufuria za watu wasiowafuga. Nilisimama pale kidogo, nikachoka ghafla, kisha wachezaji wakatoka nyuma ya kanisa na nikapuliza kipenga.

Kipindi cha pili kikiwa kinaelekea mwisho, Bihambwe walikuwa wanaongoza kwa goli moja. Wakapata kona, na kwa tamaa wakapanda wote, wakamwacha beki wangu peke yake nyuma. Kona ikaokolewa. Mtu wa Kibabi akaupiga mpira mrefu kwenda chini, upande wa kulia, na mshambuliaji wao mwembamba akaufuata.

Beki alianza naye sawasawa. Kisha nikamwona anakata kwenda nje, kuelekea mahindi. Hakuwa na haraka. Alikwenda kuungojea mpira mahali ambapo baba yake aliungojea. Na mpira ukapita pale ukaendelea kwenda golini.

Alisimama. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Alijua ng'ombe hawapo, anaishi pale, anaona kila siku. Ni miguu iliyosahau. Kisha akageuka, akakimbia kwa nguvu zote alizonazo, akanyoosha mkono na kumshika yule kijana jezi mgongoni, akamwangusha hatua chache nje ya boksi.

Goli lilikuwa karibu, tena kwenye mteremko. Mchezo ulielekea golini. Mpira ulikuwa miguuni pa mshambuliaji, nyasi zimeupunguzia mwendo, asingeukosa hata akiwa amefumba macho. Beki mwingine hakuwepo. Mambo manne yote yalikubali, na sijui kama nimewahi kuyaona yakikubali wazi namna ile.

Watazamaji wa Bihambwe walikuwa wameuona mpira ukinyooka kwa macho yao wenyewe, na bado walianza kunipigia kelele: "Njia ya ngombe, arbitre! Mupira ilikuwa inaenda kwa muhindi!" Mtu mmoja mwenye mwavuli aliingia mpaka ndani ya uwanja kunionyesha kwa kidole mahali unapokunja.

Beki hakuja kubishana. Alikuja akasimama mbele yangu mikono chini.

"Papa, weye unajua leo iko nini kwangu."

"Ninajua."

Nikainua nyekundu, na mwenye nyekundu hufungiwa mechi inayofuata, yaani ile ya Walikale. Mtu akiniuliza kama niliumia, niliumia. Akiniuliza kama ningetoa njano, nitamwambia kwamba yule kijana wa Kibabi naye labda alikuwa na mtu wake Walikale. Sikumuuliza. Refa akianza kuuliza kila mtu ana nani wapi, afadhali akauze ndizi.

Faulo ilipaa juu ya mwamba. Bihambwe wakashinda wakiwa kumi. Watu walimbeba beki mabegani, maana rafu ile ndiyo iliyowapeleka Walikale, na yeye alikaa juu ya mabega yao akiwa amenuna. Mwenye mwavuli akanisomea sheria yake. Safari hii nilimwambia akae kimya, na alishangaa sana.

Nilifikiria kumpa nafasi yangu kwenye lori. Nilimwendea kiongozi wa timu nikasema hivyo. Akanijibu kwamba Walikale wanangojea refa kutoka upande wetu, ndivyo walivyokubaliana, na nisipokwenda hakuna mechi. Na mwenye lori alikuwa amesema neno lake. Basi.

Asubuhi ya kuondoka beki alikuja na mfuko wa maharage nimpelekee mke wake, na kunieleza nyumba ilipo: nyuma ya soko, jirani na mama anayekanda mandazi. Hakuninunia. Hilo lilinichosha zaidi kuliko kama angeninunia.

"Umwambie ninafungiwa mechi moja," akasema. "Umwambie vile uliona hapa. Weye ukisema, atakubali. Arbitre haongopaka."

Sitaieleza barabara ya Walikale. Aliyeipita anaijua, na asiyeipita hataniamini. Tulisukuma lori, tukalala humo, tukasukuma tena, na kwenye vizuizi vijana waliimba mpaka wenye bunduki wakatuambia tupite tu na kelele zetu. Nilifika goti langu la kushoto limevimba kama mkate.

Mke wa beki alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Mwanamke mwembamba, macho yake yalifika nyuma yangu kwanza, yakatafuta barabarani, kisha yakarudi kwangu. Nikamsalimia, nikampa mfuko wake, nikamwambia mimi ni nani na nimetumwa na nani. Akanipa kiti. Akamtuma binti yake akaniletee maji.

"Na yeye?"

"Amefungiwa, mama. Nilimupatia carton rouge, kadi nyekundu."

Nilingojea matusi. Nimezoea matusi, yana njia yake sikioni. Yeye aliweka ungo kwenye magoti na kuniuliza kitu ambacho sijaulizwa na mtu miaka yote hii.

"Juu ya nini? Unielezee vizuri. Bwana yangu hapitwaka ku ule upande. Tangu alikuwa ananichumbia, hakuna muntu alimupita. Ilikuwa namna gani?"

Nilikuwa nimechoka, goti linawaka, na mbele yangu alikuwepo mtu anayetaka kujua. Sikumbuki mara ya mwisho. Nikamwomba ainamishe ungo kidogo, maana uwanja una mteremko. Akainamisha. Nikachukua harage jeupe nikaliweka liwe mpira, jekundu liwe mshambuliaji, na kubwa lenye madoa liwe mume wake. Nikamweleza jambo la kwanza, umbali. Akaitikia kwa kichwa. Nikamweleza la pili, mwelekeo. La tatu, la nne. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kama kipa angeweza kutoka, na hilo ni swali ambalo hata kwenye semina Goma hawakuniuliza.

"Sasa mbona yeye alienda huku?" akasema, akiligusa harage lenye madoa. "Mupira iko hapa, yeye anaenda inje."

"Ni ile njia ya ngombe, mama. Unaijua. Alienda kungojea mupira kwa muhindi, vile walizoea. Lakini mupira haikukunja. Njia haiko tena, majani ilishaka kuifunika. Ngombe hazipite pale."

Nilisema hivyo kwa furaha, nakiri, kama mwalimu aliyefika mwisho wa hesabu na jibu limetoka.

Alikuwa bado ameushika ungo umeinama. Harage jeupe likabingirika likaanguka, na hakuliokota.

"Ngombe haziko," akasema.

Nikamwambia labda wako upande mwingine, mimi si wa Bihambwe, sijui yote. Nilikuwa nababaika, na yeye aliniona.

"Miye nilimwambia kwa simu: wenye ngombe njo wanajuaka kama vita imeisha. Hawaletake ngombe yao kama hawajakuwa na uhakika. Siku ngombe zitarudia, na miye nitarudia na watoto. Halafu akanipigia, akasema zimerudia. Anasema zinapita kwa uwanja asubuhi na magaribi, kama zamani. Nilishaka kufunga vitu."

Nyuma yake, ndani, niliona mfuko wa plastiki wenye milia, umefungwa kwa kamba, na sufuria juu yake.

Nilijaribu kumtetea. Nikasema mume wake anawapenda, ameshatengeneza paa, maharage yamekubali. Yote ni kweli na niliyasema vibaya. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa kusikiliza, ndiyo ilikuwa shida yetu.

"Weye ulimupatia mechi ngapi?"

"Moja."

"Miye ninamupatia musimu moja. Nitalima hapa. Kisha tutaona." Akasimama, akaingia ndani, akatoka na kibidoni cha mafuta ya mawese. "Umupelekee. Umwambie sikasirike. Umwambie tu asinidanganye tena juu ya ngombe."

Kesho yake nilichezesha mechi ya Walikale na goti langu. Sikumbuki nani alifunga. Nakumbuka kwamba hakukuwa na rafu ya maana, uwanja ulikuwa tambarare, na niliona wivu.

Lori liliporudi Bihambwe beki alikuwa anangojea barabarani, amenyoa ndevu. Alitazama nyuma ya lori kabla ya kunitazama mimi, vilevile kama mke wake alivyofanya. Nikashuka taratibu kwa sababu ya goti. Nikampa kibidoni. Simu ya mke wake haikuwa ikipatikana siku zote zile, kwa hiyo yote aliyapata kwangu, pale pale, watu wakiteremsha mizigo yao pembeni yetu. Nilimweleza msimu mmoja. Nilimweleza kwamba hakukasirika.

"Alijua namna gani juu ya ngombe?"

"Aliniuliza namna gani ulipitwa," nikasema. "Nikamueleza."

Alikuwa anakigeuzageuza kibidoni mkononi, akiangalia kama kinavuja.

"Ungesema tu niliteleza," akasema.

Hakusema kwa hasira. Akaniaga, akapanda kwake. Nami nilibaki pale na mfuko wangu wa viatu. Neno hilo la kuteleza halikunijia kichwani hata kidogo kule mbele ya ungo. Siku ya mechi mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nyasi zilikuwa zimelowa uwanja mzima. Mke wake angeamini kabisa.